Harufu ya Moshi Mahali Pasipo Moto

Mvua ilianza saa kumi jioni, na mpaka tunawasha taa, sebule nzima, ambako tuna jiko la chuma la kuni la kupashia nyumba joto wakati wa baridi, ilikuwa inanuka moshi. Si ule moshi mzuri wa kuni zinazowaka. Huu ulikuwa mzito, wenye uchachu, kama nguo iliyokaushwa juu ya moto kisha ikafungiwa sandukuni.

Mama alikuwa amekuja kukaa nasi wiki mbili. Aliinua macho kutoka kwenye sweta aliyokuwa akifuma, akauliza, "Mwanangu, nani kawasha jiko?"

"Hakuna, Mama. Lina wiki ya saba halijaguswa."

"Basi kaliangalie."

Sikuliangalia. Nilifungua dirisha nikasubiri harufu iishe, na kweli asubuhi haikuwepo. Kama mvua isingerudi siku ya tatu, nadhani ningeendelea na shughuli zangu mpaka baridi ije tena.

Mvua ilirudi.

## Tope la kijivu

Mlango wa jiko ulifunguka kwa kukwaruza, jambo ambalo haujawahi kufanya. Ndani, majivu niliyoyaacha siku ya moto wa mwisho yalikuwa yamegeuka tope zito, limeshikana kama saruji inayoanza kukauka. Nilitia koleo dogo, likatoka na bonge zima. Chini ya bonge, sakafu ya jiko ilikuwa imeshika kutu.

Majivu yale niliyaacha kwa makusudi. Baridi inapokuwa imepamba moto, tabaka la majivu la kina cha vidole viwili lina faida: linatunza makaa, na linaikinga sakafu ya jiko na joto kali. Nikajiambia kwamba kinacholifaa jiko likiwaka kitalifaa pia likipumzika. Sikumuuliza mtu.

Majivu ya kuni yana chumvi za potasiamu, na chumvi hizo hunyonya unyevu kutoka hewani. Yakilowa, yanatoa ile alkali kali ambayo tangu zamani watu waliichuja ili wapate sabuni. Kwa hiyo nilichokiacha mle ndani hakikuwa blanketi. Kilikuwa kitambaa kibichi juu ya chuma, mchana na usiku, wiki saba. Na masizi yaliyoshuka juu yake yana tindikali zake yakipata maji.

Nilikwangua kidogo kwa ukucha. Gamba la chuma likabanduka, jembamba, pana kama sarafu.

Jiko hili limebeba moto misimu tisa. Sijawahi kuliona limeumia. Wiki saba za kukaa bure zimelimenya ngozi.

Nilitoa majivu yote, nikayatia kwenye ndoo ya bati yenye kifuniko, ingawa kwa wiki saba hayakuwa na hatari ya moto tena. Ni mazoea, na sitaki kuyaacha, kwa sababu kaa lililofunikwa na majivu linaweza kubaki hai siku kadhaa huku juu pamepoa kabisa. Kisha nikapiga magoti pale, nikaingiza kichwa, nikanusa.

Sakafu haikuwa na ile harufu. Harufu ilikuwa inashuka kutoka juu.

## Hewa inaposhuka

Tumezoea kuiona dohani, lile bomba la kutolea moshi, kama njia ya kwenda juu tu. Hewa yenye joto ni nyepesi, inapanda, na inapopanda inavuta nyingine nyuma yake. Huo ndio uhai wote wa jiko. Lakini jua likipasha joto nje huku bomba likiwa bado na ubaridi, mambo yanageuka: hewa ya bombani ndiyo inakuwa nzito, inashuka, inapita juu ya kila kilichoganda kwenye kuta za bomba, na kutokea sebuleni kupitia matundu ya jiko. Mvua inapoongeza unyevu, kilichoganda kinaanza kunuka upya.

Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto. Mimi nilikuwa na harufu ya moshi wa moto uliozimika wiki saba nyuma. Maana yake moshi ule haukutoka. Ulibaki mahali fulani, umeganda.

Swali likawa ni kiasi gani.

## Kipande kwenye kifuniko

Jumamosi nilitandaza shuka kuukuu, nikalegeza skrubu za kipande cha kwanza cha bomba. Nilitarajia masizi, na masizi yalikuwepo: unga mweusi, mwepesi, unaoruka ukiupumulia. Juu kidogo nikakuta magamba, makavu, yenye kukatika. Mpaka hapo sikuona la kunitisha.

Kisha nikamulika tochi pale bomba linapopinda kuingia ukutani. Mwanga ukanirudia machoni.

Palikuwa panang'aa, kana kwamba mtu amepapaka vanishi nyeusi, tabaka juu ya tabaka. Niligonga kwa mpini wa bisibisi, mara moja, mara mbili, na kipande kikadondokea kiganjani. Kilikuwa na ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Upande mmoja ulikuwa umechukua mviringo wa bomba. Upande wa pili ulikuwa na matone yaliyoganda njiani yakitiririka, kila tone na mkia wake. Nilikinusa, na ilikuwa ile ile harufu ya sebuleni.

Moshi una mengi ndani yake: mvuke wa maji, katrani, na chembe za kuni ambazo hazikupata kuungua. Ukipita bombani ungali na joto la kutosha, unatoka nje na mambo yake. Ukipoa chini ya nyuzi 120 hivi za Selsiasi kabla haujatoka, unatona ukutani kama mvuke kwenye kifuniko cha sufuria. Mabaki hayo mafundi wanayaita kreosoti, na wanayapanga kwa madaraja matatu. La kwanza ni unga, brashi inaufagia. La pili ni magamba, yanataka nguvu. La tatu ni lile la kung'aa, ambalo brashi inapita juu yake isiache hata alama.

Hilo la tatu likishika moto ndani ya dohani, joto linaweza kuvuka nyuzi 1,000. Matofali yanapasuka, bomba linapinda, na mbao zilizo jirani zinaweza kuanza kuungua bila kuguswa na mwali.

Wanangu wanalala juu. Dohani inapita nyuma ya ukuta ambako kitanda chao kimeegemezwa.

Nilikiweka kile kipande kwenye kifuniko cha chupa, nikakiacha dirishani. Leo ni wiki ya tano na bado kipo. Watoto wanajua hawaruhusiwi kukigusa. Mimi nakitazama kila ninapoenda kufungua pazia, na ndicho kilichonifanya nikae niandike.

## "Usiku ulikuwa unaufunga?"

Fundi alikuja na kamera ndogo iliyofungwa kwenye ncha ya waya mrefu. Alitazama kwenye kioo chake muda mrefu bila kusema neno. Kisha akauliza maswali matatu. Kuni zilikatwa lini? Kioo cha mlango kinaamka kimekuwa cheusi?

La tatu ndilo lililonishika.

"Dada, usiku ulikuwa unaufunga moto?"

"Naufunga ili ukae mpaka asubuhi."

"Unaziba hewa yote?"

"Yote."

Alitikisa kichwa polepole, bila kunilaumu. "Hapo moto haulali. Unatoa moshi usiku kucha, na moshi hauna joto la kuufikisha juu. Unabaki humu."

Nilitaka kujitetea, na utetezi ninao. Msimu uliopita jiko lilianza kula kuni. Shehena iliyokuwa ikitufikisha alfajiri ikawa inaisha saa sita usiku. Watoto wakiamka kwenye baridi wanakohoa. Kwa hiyo nilifanya mambo mawili: niliziba tundu la hewa kabisa, na kila usiku nilichanganya gogo moja ambalo halijakauka vizuri, kwa sababu gogo bichi linaungua taratibu. Ikafanya kazi. Moto ulikaa mpaka asubuhi. Niliona nimeitunza nyumba yangu, na nikamshauri hata jirani afanye hivyo.

Wiki ile yote nilikuwa najumlisha. Baridi ya miezi mitatu ni kama usiku tisini. Kila usiku nilipowafunika wanangu na kushuka kuziba ile hewa, nilikuwa naongeza tabaka jingine nyuma ya kitanda chao.

Kwa jirani nilikwenda siku iliyofuata. Nilimweleza yote, na nikamwonyesha kipande.

Kazi ya fundi ilichukua safari mbili. Ya kwanza alifagia kwa brashi kilichokubali kufagiliwa, kisha akapaka kemikali ya kuifanya ile kreosoti ya kung'aa iwe kavu na rahisi kuvunjika. Aliporudi alikuja na minyororo midogo inayozungushwa na mashine, akaibandua. Aliniambia mapema kwamba ikikataa, itabidi bomba la ndani lote libadilishwe. Ilikubali. Nilikaa chini nikiisikiliza inavyoanguka, kavu, kama kokoto juu ya bati.

Ila kulikuwa na jambo moja ambalo hakuulizwa na hakulisema, nami sikulifikiria mpaka alipokwisha kuondoka.

Kwa nini jiko lilianza kula kuni?

## Karatasi

Kuna kipimo rahisi cha mlango wa jiko ambacho nilikisoma zamani nikakipuuza. Unachukua kipande cha karatasi, unakifungia mlangoni nusu ndani nusu nje, kisha unakivuta. Kikigoma, mlango unabana. Kikitoka kwa ulaini, hewa nayo inaingia kwa ulaini.

Nilianza juu. Karatasi iligoma. Upande wa bawaba, iligoma. Upande wa komeo ilitoka, lakini kwa kuvutana.

Chini, kona ya kulia, ilitoka kama inavyotoka katikati ya kurasa za daftari.

Nilirudia mara nne. Kisha nikafungua mlango, nikapitisha kidole juu ya kamba inayouzunguka kwa ndani. Ni kamba iliyosukwa kwa nyuzi za kioo, ya unene wa milimita 10, na inapokuwa mpya inajaa na kubonyea kidogo kidoleni. Sehemu kubwa ilikuwa bado hivyo. Pale konani ilikuwa ngumu, bapa, inateleza kama utepe. Imebanwa misimu tisa mpaka imesahau kurudi.

Usiku, watoto walipolala, niliweka tochi ndani ya jiko, nikafunga mlango, nikazima taa za sebule. Mstari wa mwanga ulitokea kwenye kona ile ile, mwembamba kama uzi, wenye urefu wa kiganja changu.

Nilikaa gizani nikiutazama mstari ule muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Hapo hadithi ya msimu mzima ilijipanga. Hewa ilikuwa inaingia konani, mahali ambapo mkono wangu hauna amri. Nikipunguza hewa kwenye tundu, jiko linavuta kwa mlangoni, na kuni zinaisha upesi. Mimi nikaona zinaisha upesi nikatia mbichi. Mbichi ikatumia joto lake kuchemsha maji yaliyomo ndani yake, moshi ukaingia bombani umepoa, ukaganda.

Kamba ya milimita 10 ndiyo iliyolala. Mengine niliyafanya mimi.

Kubadilisha ile kamba ni kazi ya asubuhi moja. Unaing'oa ya zamani, unakwangua gundi iliyobaki kwenye mfereji wake mpaka chuma kitoke kisafi, unapaka gundi mpya ya kuhimili joto, unailaza kamba. Kosa wanalofanya wengi ni kuivuta wakati wa kuilaza ili itoshe. Ukiivuta inakonda, na ndani ya msimu mmoja umerudi ulikotoka. Ilaze, isukume kidogo kwa dole, na miisho ikutane mahali palipo sawa, si kwenye kona. Jiko likiwa la miongo mingi iliyopita, usiguse kamba yake kabla ya kujua imetengenezwa kwa nini, kwani za zamani ziliweza kuwa na asbesto, nyuzi za madini zenye kudhuru mapafu, na vumbi la asbesto si la kukwanguliwa sebuleni. Hiyo mwachie mwenye vifaa.

## Mikono

Mpaka mwaka huu nilikuwa nashika masizi kwa mikono mitupu. Nanawa, basi.

Mwaka 1775 daktari mpasuaji wa London aitwaye Percivall Pott aliandika kuhusu saratani ya ngozi ya mfuko wa korodani aliyoiona kwa wasafisha dohani, akaihusisha na masizi yaliyoganda kwenye ngozi zao. Mara nyingi hutajwa kuwa mara ya kwanza daktari kuihusisha saratani na kazi ya mtu. Wasafishaji wale walianza kazi wakiwa watoto wadogo, wakipandishwa ndani ya dohani kwa kuwa miili yao ilitosha kupenya. Uingereza ilipiga marufuku zaidi ya mara moja na watu wakaendelea, mpaka sheria ya mwaka 1875 ilipoweka leseni na kuwapa polisi kazi ya kuisimamia. Miaka 100 kati ya daktari kusema na watoto kuacha kupandishwa.

Sasa navaa glavu, barakoa na shati la mikono mirefu ambalo linafuliwa peke yake. Watoto hawasogei mpaka shuka limekunjwa na kutolewa nje.

## Yaliyobaki

Kazi nyingine ni za kawaida, nitazipitia haraka, isipokuwa moja.

Hiyo moja ni bamba la juu, lile linalolala chini kidogo ya mdomo wa bomba na kuulazimisha moto uzunguke kabla ya kutoka. Dohani ikifagiliwa kutoka juu, masizi yote yanatua mgongoni mwa bamba hili. Nilipolitoa, nilichota mafungu matatu ya kiganja. Mtu anaweza kulipa fundi, akafurahi, akawasha moto wa kwanza na njia imeziba nusu kwa uchafu ule ule uliosafishwa. Nilikagua pia kama limepinda. Langu limeinama kidogo katikati, bado linakaa mahali pake, nitalitazama tena mwakani.

Matofali ya ndani: ufa mwembamba hauna neno, tofali likishapoteza vipande na chuma kuonekana nyuma yake, libadilishwe. Nilibadilisha moja.

Kioo: karatasi yenye unyevu, ichovye kwenye majivu laini sana, sugua kwa mizunguko, jiko likiwa limepoa. Usitumie chochote chenye mchanga. Ni kioo cha aina ya pekee ambacho hakitanuki kwa joto, na kikivunjika usikiweke cha kawaida. Na weusi wake usiusafishe bila kuusoma kwanza. Cha kwangu kilikuwa kinaniambia kila asubuhi kwamba kuni ni mbichi na hewa haitoshi, nami nilikuwa nakifuta nikaendelea.

Kutu: brashi ya waya, kisha msasa, kisha kitambaa chenye spiriti, kisha rangi ya kuhimili joto, tabaka nyembamba mbili. Rangi hiyo inakomaa kwa moto wa kwanza na inatoa moshi wenye harufu kali, kwa hiyo siku hiyo madirisha yawe wazi. Bawaba nilizipaka mafuta ya grafaiti. Mlango haukwaruzi tena.

Wenye majiko yenye kichujio cha kuunguzia moshi wasikiguse kwa brashi ya waya. Kimepakwa utando mwembamba wa metali kama platinamu na paladiamu, na ukishakwanguliwa umekwisha. Brashi laini inatosha.

Na kofia ya dohani juu ya paa: fundi alikuta wavu wake umeziba zaidi ya nusu kwa magamba ya kreosoti, na pembeni viota vikuukuu vya ndege, bahati nzuri vitupu. Angekuta makinda tungesubiri waruke, moto hauna haraka kipindi hiki. Lakini dohani iliyoziba inarudisha nyumbani kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Nilikagua king'ora chetu cha gesi hiyo siku hiyo hiyo. Betri ilikuwa nzima, lakini tarehe iliyoandikwa nyuma ilikuwa imepita. Kihisio kinachakaa hata kama taa ya kijani inawaka. Nimenunua kingine, na nimeongeza cha pili mlangoni mwa chumba cha watoto.

## Wazi au umefungwa?

Hapa nimebadilisha mawazo mara mbili.

Kuna wanaosema jiko lililopumzika lifungwe kila mahali, na dohani izibwe, ili unyevu usiingie. Kuna wanaosema liachwe na mlango wazi kidogo na matundu yote wazi, hewa ipite, unyevu usipate pa kukaa. Wote wana hoja. Ukifunga, harufu haiingii sebuleni, ila chochote kilicholowa ndani kinabaki kimelowa. Ukiacha wazi, kinakauka, ila siku hewa ikishuka utanusa.

Kwanza nilifunga, kwa sababu ya ile harufu. Wiki moja baadaye nilifungua nikapitisha kitambaa cheupe sakafuni, kikatoka na madoa ya hudhurungi. Rangi mpya ilikuwa bado, na kutu ilikuwa imekwisha kurudi. Hapo niliacha mlango wazi, upana wa kidole, na matundu yote. Dohani ikiwa safi hakuna cha kunuka, au ni kidogo mno. Naona sasa kwamba nilipokuwa nataka kufunga, nilikuwa nataka nisinuse, na kama mwaka huu nisingenusa, ningewasha moto kwenye bomba lile.

Mwenye kuziba dohani kwa juu au kwa ndani, tafadhali andika karatasi kubwa uibandike kwenye mlango wa jiko. Miezi ni mingi, na atakayewasha huenda si wewe.

## Kuni

Kuni zangu za baridi ijayo nimezipasua mwezi huu, na najua nimechelewa. Mti uliokatwa leo unaweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake. Ili uungue vizuri, unatakiwa ushuke chini ya asilimia 20, na hilo kwa miti mingi huchukua mwaka mmoja mpaka miwili tangu upasuliwe. Tangu upasuliwe, si tangu ukatwe. Gogo zima lenye magome linatunza maji yake kwa muda mrefu sana.

Nimezipanga zikiwa zimeinuliwa kutoka ardhini, upande wa ndani ukielekea upepo, na nimefunika juu peke yake. Zamani nilikuwa nazifunika gubigubi kwa turubai mpaka chini, nikidhani nazilinda. Zilikuwa zinatokwa jasho humo.

Nimenunua pia kipimo kidogo chenye sindano mbili. Mara ya kwanza nilikichoma kwenye ncha ya gogo, kikasoma asilimia 17, nikafurahi. Nikapasua gogo lile lile katikati, nikachoma upande mpya uliotoka ndani. Asilimia 29. Ncha hukauka kwanza, na ndiyo tunayoigonga na kuitazama tukisema kuni imekauka. Yote yenye namba kama hiyo nimeyatenga upande wa kushoto, na nimeyaandika kwa chokaa mwaka wa baridi itakayofuata hiyo ijayo. Kama yale makavu hayatatosha, tutalala na mablanketi zaidi.

Kamba mpya niliilaza Jumatatu. Nilifunga mlango juu ya karatasi ili gundi isigandie kwenye fremu, nikaacha ikauke siku nzima. Jana jioni nilipima tena. Juu, bawaba, komeo, zote ziligoma. Kona ya kulia chini niliiacha mwisho. Mama, ambaye amerudi kwa siku chache, aliweka sweta chini akaja kutazama.

Nilivuta. Nikavuta tena. Karatasi ilichanika, nusu ikabaki mkononi mwangu na nusu mlangoni.

Nje mawingu yalikuwa yameshuka. Nilifungua mlango, nikautoa ule mchano wa karatasi, nikauacha wazi upana wa kidole.